Sikukuu ni siku moja, likizo ni wiki mbili: Panga chungu chako mapema

KILA Desemba inapokaribia, swali linaloulizwa majumbani huwa ni lile lile: Krismasi mwaka huu tutakula nini? Ni swali zuri, lakini kwa mzazi anayefanya kazi lipo jingine la kujiuliza kwanza, tena gumu zaidi. Tarehe 29 saa sita mchana, mimi nikiwa kazini au njiani kwenda mpakani, wanangu watakula nini?

Swali hili linawagusa hasa wakazi wa Masaka. Tunazungumzia Masaka ya wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, siyo ile ya Uganda inayosifika kwa senene. Masaka hii ipo ukingoni mwa jiji upande wa mashariki, kwenye njia ya kwenda Rwamagana na Kayonza. Pale Kayonza barabara hugawanyika, moja ikaelekea Kagitumba kwenye mpaka wa Uganda na nyingine ikateremka hadi Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania.

Kwa hiyo hapa ni mahali pa watu wa safari. Yupo anayepanda basi alfajiri kufuata mchele ng'ambo, yupo anayekwenda ofisini mjini, yupo anayeingia zamu hospitalini au katika kiwanda cha Inyange kinachosindika maziwa na juisi, na yupo anayefungua kibanda chake sokoni kabla jua halijapanda. Wote hao hawarudi nyumbani mchana.

Siku za masomo, jambo hilo si tatizo kubwa. Mwaka 2021 Rwanda ilipanua mpango wa chakula shuleni ukafika ngazi zote, kuanzia shule za awali hadi sekondari, na watoto wengi sasa hula mlo wa mchana huko huko. Tangu Januari 2023 masomo huanza saa 2.30 asubuhi na kwisha saa 11 jioni. Mzazi anapotoka asubuhi anajua kwamba mtoto hatashinda na njaa.

Shule zikifungwa, sahani ile ya mchana inarudi nyumbani siku moja, ikizidishwa kwa idadi ya watoto. Mzazi yeye hajafunga chochote. Ana siku nne za mapumziko ya kitaifa, yaani Desemba 25 na 26, kisha Januari 1 na 2. Siku nyingine zote za likizo ni za kazi kama kawaida, na kwa wafanyabiashara ndizo siku za mauzo makubwa kuliko zote.

Kuku wa siku moja, njaa ya wiki

Kosa linalofanywa na wengi ni kuweka fedha na nguvu zote katika siku moja. Kuku wawili, nyama kilo tatu, soda kreti nzima, wageni wanakaribishwa na watu wanashiba hadi wanalala mezani. Tarehe 27 jiko limenuna, pochi limenuna, na watoto wanapewa fedha kidogo wakanunue mandazi na chai kibandani. Mandazi kwa siku moja si kosa. Mandazi kwa siku nane mfululizo ni mlo mbaya na ni ghali kuliko maharage.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu fedha aliyo nayo mkononi Desemba si mshahara. Ni mtaji. Ikiliwa tarehe 25, Januari hakuna cha kuvukia Rusumo, na karo ya muhula wa pili inabisha hodi siku hizo hizo. Watu husema mipango si matumizi. Ni kweli, lakini Desemba matumizi yasiyo na mipango ndiyo yanayomrudisha mtu kwenye madeni.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mfanyabiashara tayari anajua kupanga. Hakuna anayekwenda kufuata mzigo bila kujua anakwenda kununua nini, kiasi gani na atauza kwa nani. Jikoni nako ni hivyo hivyo. Anza kuhesabu sahani za mchana za likizo nzima, weka kando fedha zake, kisha kile kinachobaki ndicho cha kuku na soda.

Chungu kimoja, milo mitatu

Nguzo ya mpango huu ni chakula ambacho kila nyumba ya Rwanda inakifahamu, yaani maharage. Wengi huyakwepa kwa sababu mbili: yanakula muda na yanakula mkaa. Sababu zote mbili zina dawa.

Dawa ya kwanza ni maji. Chambua maharage usiku, yaoshe, yaloweke kwa saa nane hadi kumi na mbili, kisha asubuhi mwaga maji hayo na uweke mengine. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi na hayasumbui sana tumbo. Chumvi na nyanya ziwekwe mwishoni, maana nyanya huchelewesha maharage kulainika.

Dawa ya pili ni kupika mengi kwa mara moja. Kilo moja na nusu ya maharage makavu hutoa takriban kilo tatu na nusu yaliyoiva. Kwa familia ya watu sita hiyo ni milo miwili kamili, na hubaki bakuli la kuchanganyia mlo wa tatu. Siku ya kwanza yaliwe na wali au ugali. Siku ya pili yaungwe upya kwa vitunguu, karoti na mchicha, ule ambao Wanyarwanda huuita dodo, yaliwe na viazi vya kuchemsha. Bakuli la mwisho liingie kwenye chungu cha ndizi. Moto mkubwa umewashwa mara moja, na watoto hawalalamiki kwamba wanakula kitu kile kile.

Yapo pia maharage yenye madini ya chuma mengi kuliko ya kawaida, ambayo wataalamu wa kilimo nchini pamoja na shirika la HarvestPlus walianza kuwafikishia wakulima kuanzia mwaka 2010. Utafiti uliofanywa Huye kwa wanafunzi wa kike waliokuwa na upungufu wa madini hayo ulionyesha kwamba, baada ya siku 128, damu ya waliokula maharage hayo iliongezeka nguvu kuliko ya wenzao waliokula ya kawaida. Ukiyakuta sokoni, yachukue. Na uyapate usiyapate, mpe mtoto chungwa au kipande cha papai baada ya maharage, kwa kuwa tunda la namna hiyo husaidia mwili kupokea chuma. Chai isubiri saa moja hivi, kwani hufanya kinyume chake.

Kapu linalopika wewe ukiwa safarini

Lipo jambo ambalo bibi zetu walilijua kwa namna yao, nalo sasa linafundishwa na vikundi vingi vya akina mama Afrika Mashariki: kupika kwa kapu. Unachukua kapu kubwa lenye kina, unalitandika ndani kwa majani makavu ya ndizi, nyasi au vipande vya blanketi kuukuu, unaacha nafasi ya sufuria katikati, na unashona mto mnene wa kufunika juu. Kazi ya kapu ni kuzuia joto lisitoke. Chakula kilichochemka huendelea kuiva kwa joto lake chenyewe.

Kwa mzazi anayeondoka saa 12.30 asubuhi, utaratibu ni huu. Maharage yamelowekwa tangu jana. Saa 11.30 alfajiri yaweke motoni pamoja na kitunguu, karoti na mafuta kidogo, yachemke kwa nguvu dakika 30 hadi 40. Sufuria iwe imejaa vizuri, maana sufuria yenye chakula kidogo hupoa haraka. Funika imara, iingize kapuni, weka mto, na mkubwa wa watoto aonywe asifunue hata kidogo kabla ya saa sita. Mchana wanapakua chakula cha moto, wanatia chumvi, wanakula. Kinachobaki hakirudi kapuni. Mtu mzima atakayetangulia kufika jioni akichemshe upya. Mchele nao hukubali: uchemke dakika tano tu, kisha ukae kapuni saa moja.

Dakika hizo 30 za kuchemka kwa nguvu zisipunguzwe. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili, nayo huharibiwa kwa kutokota kweli kweli kwa angalau dakika kumi. Moto wa kuvuguvugu hautoshi. Mwenye presha kuka hana haja ya kapu kwa maharage, lakini kapu halihitaji umeme wala gesi, na halina bei ya kutisha.

Faida kubwa kuliko zote ni usalama. Mtoto wa miaka tisa au kumi akiachiwa jiko la mkaa anaweza kuungua, au akaliingiza ndani mvua inaponyesha. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua familia nzima katika nchi zetu zote. Likizo ambayo watoto hawahitaji kuwasha moto mchana ni likizo ambayo mzazi anaweza kuuza bidhaa zake roho ikiwa imetulia.

Siku ambazo hakuna kapu, acha vitu visivyohitaji moto: uji ndani ya chupa ya chai, viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, parachichi, ndizi mbivu na maziwa mgando, yale ya ikivuguto. Mlo huo ni mwepesi lakini umekamilika.

Nyumba moja, majiko manne

Tukifika kwenye sikukuu yenyewe, Masaka ina jambo lake. Nyumba nyingi za hapa ni za watu waliorejea. Wapo waliorudi baada ya 1994, wakiwa wamezaliwa au kukulia Karagwe, Ngara, Mbarara, Bujumbura, Bukavu au Uvira, na wapo waliokuja mwaka 2013 kutoka mkoa wa Kagera wakiwa na walichoweza kubeba. Kila mmoja alirudi na lugha yake, na alirudi pia na jiko lake.

Basi Krismasi inapofika, bibi aliyeishi Bukavu haoni sikukuu pasipo sombe yenye mawese. Baba aliyekulia Karagwe anataka ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Shangazi wa Mbarara anadai matoke na mchuzi wa karanga. Watoto waliozaliwa Kigali wao wanataka chipsi na mishikaki. Mama wa nyumba, ambaye tarehe 24 alikuwa kazini hadi jioni, anajaribu kumridhisha kila mtu katika siku moja, na anamaliza sikukuu akiwa amesimama jikoni.

Suluhisho lipo kwenye kalenda. Siku za mapumziko ni nne, na majiko ni manne. Mpe kila mmoja siku yake.

Desemba 25 iwe siku ya sombe, kwa sababu sombe hupikwa mapema. Nunua majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa, yachemshe tarehe 23 usiku kwa saa moja na nusu au zaidi, sufuria ikiwa wazi, hadi ule ukali wa majani uishe. Usiharakishe hatua hii. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, na kinachoiondoa ni kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu. Tarehe 24 jioni yachemshe tena, kisha tia vitunguu, bilinganya, mawese, karanga za kusaga na dagaa. Siku yenyewe kazi inayobaki ni kupasha moto hadi itokote, kusonga ugali wa muhogo na kuchoma au kukaanga kuku mmoja aliyelala kwenye tangawizi, vitunguu saumu na limao ndani ya jokofu. Asiye na jokofu amchinje na kumpika asubuhi hiyo hiyo.

Desemba 26 ni siku ya kiporo. Mpishi apumzike. Sombe hukolea siku ya pili, na ikipata maharage na viazi vitamu hakuna atakayelalamika.

Januari 1 iwe pilau, chakula ambacho harufu yake inawaita hata majirani. Kwa watu wanane hadi kumi, chukua mchele kilo moja, ambao ni vikombe vitano hivi, na nyama kilo moja. Chemsha nyama na chumvi, tangawizi na vitunguu saumu. Kaanga vitunguu maji vinne hadi viwe vya kahawia iliyoiva, maana rangi ya pilau hutoka hapo. Tia bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu chache, kisha nyama, kisha supu vikombe saba na nusu. Ikichemka tia mchele uliooshwa. Maji yakikaribia kukauka, funika na weka mkaa kidogo juu ya mfuniko. Kachumbari pembeni, basi.

Januari 2 iwe siku ya ndizi, ziwe za Karagwe na maharage, au matoke na karanga, au agatogo ya Kinyarwanda yenye nyama na mboga chungu kimoja. Vyombo vya kuosha ni vichache, na kesho yake ni kazi. Mishikaki ya watoto ipewe jioni moja katikati, na baba ndiye asimame kwenye jiko la kuchomea. Mkono unaoweza kufunga mzigo juu ya gari hauwezi kushindwa kugeuza nyama.

Kununua kwa akili

Bei za sokoni hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia, na nyama na kuku hutangulia. Vitu vikavu havina sababu ya kusubiri. Mchele, maharage, unga wa muhogo, karanga, dagaa na viungo vinunuliwe mapema mwezi huo, kidogo kidogo. Anayevuka mpaka anunue vya nyumbani kwake katika safari ya mwisho kabla ya tarehe 20, na aviandike kando na bidhaa za kuuza, la sivyo atakula mtaji bila kujijua. Walio kwenye vikundi vya kuweka akiba, vile vinavyoitwa ibimina huku na vikoba Tanzania, wanaweza kukubaliana kununua gunia moja la mchele na kugawana.

Karanga na mahindi yakaguliwe kwa jicho kali. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, hata kama muuzaji anasema zitafaa kwa kusaga. Sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kuchemsha. Na ndugu wanaokuja kutoka ng'ambo wakumbushwe kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008. Vitoweo vifungwe kwenye vyombo vyenye mifuniko au mifuko ya karatasi na kitambaa.

Lipo jambo jingine ambalo wageni husahau. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya umuganda, na kwa Desemba Jumamosi hiyo huangukia daima kati ya tarehe 25 na 31. Kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi watu huwa kwenye kazi za pamoja na maduka hufungwa. Usipange kwenda sokoni asubuhi hiyo. Loweka maharage Ijumaa usiku, ukirudi kutoka umuganda uyapike.

Kiporo kisigeuke ugonjwa

Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kikipoa kidogo kiingie kwenye jokofu, na kiliwe ndani ya siku tatu. Asiye na jokofu apike kwa kiasi, akichemshe kiporo hadi kitokote asubuhi na jioni, na kisivuke siku ya pili. Wali ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu vijidudu vyake hutoa sumu ambayo haiharibiki kwa kupasha moto. Wali uliolala nje usiku kucha usipewe mtoto.

Mwisho, wahusishe watoto. Mwenye miaka sita anaweza kuchambua maharage na kumenya vitunguu saumu, na mwenye miaka kumi na miwili anaweza kupakua na kuosha vyombo. Bandikeni ukutani karatasi yenye siku zote za likizo, kila siku na chakula chake na jina la anayehusika. Mgeni akija, naye asome. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na katika likizo jembe hilo linaweza kuwa mwiko.

Karatasi hiyo haigharimu kitu, lakini ndiyo itakayokuwezesha kupanda basi la Kayonza tarehe 29 alfajiri ukijua kwamba saa sita, huko Masaka, mtoto wako mkubwa atafunua kapu na mvuke utamfikia usoni. Heri ya Noheli na Mwaka Mpya.